Posa ya Silima na mfano wa ubaoni

Ame, weee! Bibi kanisimulia sasa hivi mkasa wa kaka yake, Silima.

Miaka ya hamsini huko. Silima kaacha chuo cha ualimu njiani, anasomesha watu wazima Kiingereza pale Malindi. Na kapeleka posa kwa Bwana Mabrouk, amuoe bintiye, anasubiri jibu, hali wala halali.

Jioni hiyo anafundisha: Mwingereza akitaka neno likolee, hutaja kwanza kilichotendwa, mtendaji humbakisha mwisho, kisha hukazia "mwenyewe, si mwengine".

Na utani haumwachi! Akaandika ubaoni, kwa Kiingereza: "Jogoo wa jirani ameibwa na Mabrouk mwenyewe, si mwengine."

Darasa zima kicheko. Mara vichwa vyote vikageuka.

Ame, mlangoni Mabrouk! Kaja kwa miguu yake kuleta jibu, wala hakutuma mshenga. Na kumbe Kiingereza anakijua, kakipata melini!

"Baba, mfano tu!" Silima kamng'ang'ania kanzu, machozi yanamtoka. "Wallahi mfano tu!"

Mzee akausoma ubao taratibu, mpaka mwisho.

"Somo nimelifahamu," akasema. "Posa yako imekataliwa na mimi mwenyewe, si mwengine."