Karani wa Magunia

Jumatatu, 7 Oktoba 2002

Basi limechelewa tena. Nimefika Kilburn nimelowa, nikapanda ngazi za chuo juu ya duka la mazulia, nikafundisha viatu vikitoa maji. Somo: bidhaa za ghalani, kiasi gani kikae, kiasi gani kitoke. Wanafunzi kumi na mmoja. Watatu wamelala. Siwalaumu, wametoka kazini moja kwa moja.

Kampuni moja ya kusambaza vyakula inataka watu wawili wa kujifunza kazi ya kupanga malori. Wameniomba majina. Ninayo. Mugisho na Faustin, wote Wakongo.

Mugisho anasafisha wodi hospitalini. Miaka thelathini. Ndio umri wake. Anauliza maswali mpaka nachoka. Faustin amejiunga muhula huu, anapakua mizigo kwenye ghala huko Walthamstow. Haongei. Kofia ya sufu haivui hata darasani. Lakini hesabu! Anatazama picha ya rundo la maboksi na kutaja idadi, hakosei. Nilimwambia amezaliwa ghalani. Hakucheka.

Kabla ya kuja huku ughaibuni, miaka kumi na minne nilishughulika na makontena bandarini Mombasa na hakuna aliyeniita mwalimu. Hawa wananiita Mama Mwalimu. Napenda. Nikiri hapa, hakuna anayesoma.

Jumatano, 16 Oktoba

Mazoezi ya usaili. Nimewaketisha Mugisho na Faustin pamoja, makusudi. Mmoja anaongea kupita kiasi, mwingine haongei, nilitaka waambukizane. Wanasema hawajawahi kukutana kwao. Kongo ni kubwa.

Nimewafundisha kumtazama msaili machoni. Faustin hawezi. Nimemkemea mbele ya wenzake. Nimejuta kidogo.

Kazi ya Jumatatu: kila mtu achukue kitu kilichomo mfukoni mwake, akifuate nyuma hadi kilikotoka. Mugisho ameweka simu yake mezani. "Hii miye najua kwao, Mama Mwalimu." Nimefurahi sana.

Jumanne, 22 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwenye plasta. Mama Jaya, mwenye nyumba wangu, amejitolea kuniandikia. Mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Nimekataa. Kuna mambo ya kuandika mwenyewe.

Jana Mugisho alisimama mbele ya darasa. Duka, meli, kiwanda, uwanja wa ndege, akirudi nyuma hatua kwa hatua. Vizuri kabisa. Akafika kwenye udongo mweusi, ule wenye madini ya simu. Akasema ameubeba mwenyewe. Gunia zima mgongoni, siku mbili msituni, wenye bunduki mbele na nyuma. Hata wale watatu waliamka. Akasema magunia yalihesabiwa kijijini.

Faustin akasema kutoka nyuma, polepole, "Hapana. Ni darajani."

Sidhani alikusudia. Ilimtoka tu, kama anavyosahihisha hesabu zangu.

Mugisho akatembea hadi kwake. Akamwambia atoe kofia. Hakuitoa. Mugisho akaivuta. Kovu refu juu ya sikio.

"Mama Mwalimu, huyu mutu minamujua. Ni yeye njo alikuwa karani wa magunia. Ni yeye alisema ndugu yangu atupwe mu maji."

Kisha kiti. Cha chuma. Mara ya kwanza kilimpata usoni, nikasikia mfupa. Mara ya pili Faustin alikuwa chini tayari. Mara ya tatu niliingia kati na mkono wangu. Umevunjika mahali pawili. Damu mezani, kwenye karatasi za wanafunzi, ukutani. Wanaume wanne wakamkalia Mugisho. Alikuwa akigonga kichwa chake sakafuni na kuita jina la nduguye.

Faustin hakuinua mkono kujikinga. Hata mara moja.

Polisi wamemchukua Mugisho. Mkono unawaka moto. Nina hasira na wote wawili. Na mimi ndiye niliyewaketisha pamoja.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mugisho ametoka kwa dhamana. Asikanyage chuoni, asimkaribie Faustin.

Nimekwenda hospitali kumwona Faustin. Mfupa wa shavu umevunjika, jicho limefungwa, meno mawili hayapo. Nilikaa. Nikamuuliza kama ni kweli. Nilitaka akatae.

Hakukataa. Wenye bunduki walimtoa shuleni akiwa na miaka kumi na tisa kwa sababu alijua kuandika. Wakampa daftari na bunduki. Akihesabu pungufu, anapigwa. Kwa hiyo akawapiga wabebaji. Kwa kitako cha bunduki, kwa mti, kwa teke. Ndugu yake Mugisho aliangusha gunia mtoni. Kijana wa miaka kumi na sita.

"Nilisema afuate mzigo wake," alisema. "Walicheka. Na miye nilicheka."

Nimempiga. Kofi, kwa mkono mzima, upande uliovunjika. Mgonjwa, kitandani. Muuguzi akaja mbio. Faustin akamwambia amejigonga kwenye chuma cha kitanda.

Nilipoinuka akanishika nguo. Anajua kijana alipozikwa. Anataka kumwambia Mugisho mwenyewe, uso kwa uso. Baada ya hapo afanywe anavyostahili.

Nilitapika kwenye choo cha wageni. Si kwa huruma. Kiganja changu kilikuwa kimefurahi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimempigia Mugisho simu. Kesho Faustin anatoka hospitali. Nimewapangia wakutane sokoni Walthamstow, saa tano asubuhi, mahali penye watu tele. Najua amekatazwa. Nimempangia hivyo hivyo. Nitakuwepo. Ameniambia anataka kujua tu, mama yake anauliza kila mwaka. Nimemwamini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Amemchoma kisu.

Nimeoga mara mbili. Chini ya kucha bado kuna damu.

Tulisimama karibu na meza ya ndizi. Faustin alieleza vizuri, bila haraka. Chini ya daraja, upande wa kushoto maji yanakoelekea, pale walipooshea udongo. Wanawake wawili wabebaji walimvuta kijana kutoka majini wakamzika. Akataja majina yao. Mugisho alirudia majina. Aliniomba kalamu, akayaandika kiganjani. Nilidhani imekwisha. Kwa kweli nilidhani.

Alinirudishia kalamu. Akasema, "Asante, Mama Mwalimu." Kisha akatoa kisu cha kukatia maboksi, akampiga nacho tumboni, akavuta, akapiga tena. Nilimng'ang'ania koti kwa mkono mmoja. Akanikokota. Mara ya tatu. Watu wanapiga kelele, ndizi zinamwagika, mtoto kwenye kigari analia. Muuza samaki alimpiga Mugisho kichwani kwa kreti, mara mbili, akaanguka juu ya Faustin. Wakalala hivyo hivyo, mmoja juu ya mwenzake. Mugisho bado alikuwa anamchoma, lakini kwa ngumi. Kisu kilishamtoka.

Nilibonyeza tumbo la Faustin kwa skafu yangu. Joto la damu. Alikuwa anasema kitu. Sikuinama kusikiliza.

Mimi ndiye niliyechagua mahali. Mimi ndiye niliyechagua saa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Faustin yu hai. Wamemkata kipande cha utumbo.

Nimetoa maelezo polisi. Sikudanganya, ingawa nilikuwa nimepanga kudanganya. Nimesema kwamba niliwakutanisha mimi. Kuhusu daraja nilieleza kwa dakika arobaini. Askari aliandika mistari miwili, akaniuliza tena kisu kilitoka mfuko gani.

Mkuu wa chuo anataka nipumzike hadi Januari. Anaita kupumzika. Kampuni imepiga simu kuulizia majina yao. Nimewapa ya wanafunzi wengine wawili. Wazuri. Nilikuwa siwaoni.

Jumatano, 13 Novemba

Mama Jaya ameniletea chakula, nimekiacha. Nimeota nimeshika daftari na ninahesabu watu.

Faustin ametoka hospitali, amehama. Hajaacha anwani. Ningeijua, ningekwenda? Kumwona, au kumpiga tena? Sijui. Leo nimemchukia zaidi kuliko jana, na sababu hakuna.

Jumapili, 9 Februari 2003

Nimemtembelea Mugisho rumande. Kesi ni mwezi ujao. Wakili anasema miaka mingi.

Amenenepa kidogo. Wamenikagua viatu, wakaniruhusu. Meza ndogo, viti vya plastiki vilivyofungwa sakafuni.

Alikuwa na barua ya mama yake, jibu la ile aliyomtumia yenye yale majina mawili. Padri ndiye aliyemwandikia. Amenisomea mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Mama amefika pale darajani. Mmoja wa wale wanawake wawili bado yuko hai, ndiye aliyempeleka. Kuna mawe. Mama alikaa tangu asubuhi hadi jua likawa utosini. Kisha yule mwanamke akamchukua nyumbani kwake, wakapika mihogo, wakala.

"Alikula, Mama Mwalimu," Mugisho akasema. "Ameandika mpaka chakula gani."

Hakuniuliza habari za Faustin. Sikumtajia. Hajajuta, au hakuniambia, na mimi sikumwuliza.

Aliniomba nimwonyeshe mkono. Nikauweka mezani. Aliutazama, upande wa juu, upande wa kiganja, akauliza kama unauma wakati wa baridi. Nikasema kidogo. Tukakaa. Nje mvua ilikuwa inanyesha, tukaisikiliza hadi wakaja kusema muda umekwisha.