Mashahidi wa Mzee Shabani

(Nimezikuta kurasa hizi kwenye daftari langu la jalada la kijani, la miaka ile ya foleni za sabuni. Naziweka hapa kama nilivyoziandika, hata pale ninapojionea aibu.)

Tabora, Alhamisi, mwezi wa nane. Vumbi, na baridi ya asubuhi iliyogoma kuondoka mpaka saa nne.

Leo sina hali. Nimekaa kibarazani kwa dada yangu, jua la mchana linanipiga magotini, na begi langu liko miguuni. Ndani ya begi mna bahasha ya kaki. Natamani apite mwizi alikwapue begi zima, na nguo zangu achukue.

Nianze mwanzo, maana kichwa kimevurugika.

Kazi yangu kule Dar es Salaam ni ya hataza. Hataza ni ile karatasi inayosema uvumbuzi huu ni wa fulani, mwingine asiutengeneze bila idhini yake. Kwa kuwa nilisomeshwa mambo ya mashine za chuma, kila jalada lenye gurudumu la meno hutua mezani kwangu. Ukaguzi wenyewe hufanyika Ulaya, ambako wana michoro ya dunia nzima. Mimi napeleka, napokea, na kuuliza maswali kwa niaba yao. Karani mwenye diploma, tuseme ukweli.

Jalada lililonileta Tabora ni la Mzee Shabani.

Kabla ya masomo nilikuwa karani kwenye karakana moja hapa mjini. Kwetu ni Igalula, treni hazikuwa zikilingana na saa za kazi, kwa hiyo Mzee Shabani na mkewe Bi Mwajuma walinipa chumba chao cha uani. Nilikaa miaka miwili. Mimi Mmoravian, wao Waislamu wa mji tangu enzi za misafara, na sijawahi kula futari nzuri kama ya nyumba ile. Babu yake Mzee alikuwa mhunzi, aliwatengenezea wapagazi majembe na kufuli za bunduki. Mzee mwenyewe karakana ilimwandika mtunza mashine. Si fundi. Fundi sharti awe na cheti, na yeye shule hakwenda, alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kiarabu. Alizoea kututania kwamba cheti pekee alichonacho ni cha kuchanjwa ndui.

Mashine aliyoitunza ililetwa kama msaada. Ina spindeli nne, yaani vichwa vinne vinavyozunguka kwa pamoja na kutoboa mabamba manne ya chuma kwa mpigo. Inaongozwa na kompyuta yenye ukubwa wa kabati la nguo, inayosoma amri kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Wageni walioifunga waliisifia sana akili yake. Walisahau kusema kwamba haina macho. Biti moja, yaani kile chuma cha kutobolea, ikivunjika, kompyuta haijui. Inaendelea kusukuma kichwa kile kwenye chuma, bamba linaharibika, spindeli inapinda, na biti mpya zinakuja mara moja kwa mwaka, zikija.

Mzee alikaa na tatizo hilo miezi kadhaa. Kisha akachukua spoku za baiskeli, akatengeneza vidole vinne, kimoja kwa kila spindeli. Kila tundu likishatobolewa, kidole kinagusa ncha ya biti. Kikikosa cha kugusa, swichi ndogo inaiarifu kompyuta: kichwa hiki kimekufa, kipumzishe, vitatu viendelee. Jambo lenyewe ni hilo tu. Nilipokuja kusoma mambo haya darasani, mwalimu wetu alisema watu wa viwanda vikubwa bado wanalitafutia dawa tatizo hilo. Mimi nikanyoosha mkono, nikasema Tabora limekwisha.

Mimi ndiye niliyemshawishi aombe hataza.

Wiki iliyopita barua ya mkaguzi ilikuja. Amepekua majalada ya Marekani, Ujerumani na Japani, kila kinachohusu mashine za spindeli nyingi zinazoongozwa na kompyuta, hajaona kitu kama cha Mzee. Nilipofika hapo niliruka kitini. Kisha nikasoma aya ya mwisho. Limebaki swali moja: je, kabla ya tarehe ya maombi, kifaa hiki kiliwahi kuonyeshwa kwa umma, au kuelezwa katika maandishi popote? Fomu ina nafasi mbili, Ndiyo na La. Mwombaji aweke sahihi, na ofisa aliyemhoji aweke yake.

Sheria haina huruma hapo. Kitu ambacho umma umekwisha kukiona na kuelezwa si kipya tena, na kisicho kipya hakipewi hataza, hata kama aliyekionyesha ni mwenyewe.

Sasa niungame. Mzee alikionyesha kwenye maonyesho ya Saba Saba, hapa hapa Tabora, miaka mitatu kabla ya maombi. Hilo nililikumbuka tangu mwanzo, nikajidanganya kwamba watu waliona mashine kwa nje tu. Ambalo sikulikumbuka, naapa, ni lile gazeti dogo la mkoa. Kulikuwa na habari ndefu ya kifaa cha Mzee, na mchoro, na maelezo ya kila waya unapokwenda. Sentensi ya mwisho ilisema: "Na atakaye, aje aige, maana hii ni mali yetu sote."

Niliiandika mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliipenda sentensi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Basi asubuhi nimekwenda kwake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitania kwa lugha ya kwetu, "Mwangaluka, Kabula," kama zamani. Bi Mwajuma akaleta chai isiyo na sukari, maana sukari imepotea tangu vita, na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Ukutani, juu ya kiti cha Mzee, niliona fremu mpya ya mbao ya mninga, imepigwa msasa ikang'aa, na kioo chake. Ndani hamna kitu.

"Ya hiyo karatasi," Bi Mwajuma alisema. "Mwisho wa mwezi anastaafu. Anataka aitundike kabla hawajamuaga."

Nikairudisha michembe sahanini.

Nikasema kuna swali limebaki, wanauliza kama kifaa kiliwahi kuonekana na watu. Mzee akacheka mpaka akashika ubavu. "Hilo tu? Nilijua watataka mashahidi!" Akaingia chumbani, akatoka na bahasha hii.

Ndani yake mna daftari la shule. Tangu niliposema kwenye barua kwamba kutakuwa na maswali, Mzee amekuwa akizunguka kuwatafuta watu waliokiona kifaa chake Saba Saba. Amepanda malori mpaka Igunga kwa wakulima wa pamba, amefika Ziba kwa wafugaji. Kila mtu ameandikwa jina kwa herufi za Kiarabu, alipotoka, alichokiona, na dole gumba la wino wa zambarau. Kurasa kumi na moja.

Namwelewa. Hapa mjini kiwanja ni chako kwa sababu majirani walikuona ukichimba msingi. Mbuzi ni wako kwa sababu kijiji kilimwona akizaliwa zizini mwako. Kadiri walioona wanavyokuwa wengi, ndivyo mali inavyozidi kuwa yako. Mzee ameishi miaka sitini kwa sheria hiyo na haijamwangusha.

Chini ya daftari kulikuwa na kipande cha gazeti, kimekunjwa ndani ya nailoni. "Nisomee tena, mwanangu," alisema. Herufi za kizungu hazijui. Nikasoma. Nilipofika sentensi ya mwisho nikaikunja karatasi. Mzee akaimalizia mwenyewe, kwa moyo, macho kayafumba: "Na atakaye, aje aige, maana hii ni mali yetu sote."

"Hapo ndipo ulipowaweza," akasema. "Wapelekee."

Nikaichukua bahasha nikaondoka. Sikumwambia kitu. Nilimuaga kama mtu mwenye haraka, na sina pa kwenda.

Tangu hapo nimekaa hapa kibarazani na wazo baya. Sidhani kama kuna nakala nyingine ya gazeti lile duniani, ofisi yao ilikwisha kufungwa na karatasi wakauziwa wauza karanga. Mkaguzi yuko Ulaya, Igunga hataifika. Jiko la dada yangu linawaka. Naweza kuandika La, nikampelekea Mzee aweke sahihi yake, na hatajua ameweka sahihi kwenye uongo. Ataniombea dua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii naiona ndefu tu, imenyooka, haina mtu.

Mara mbili nimesimama na bahasha mkononi. Mara mbili nimekaa.

Saa moja kasoro, taa ya chemli.

Nimerudi kwake. Sijui kama nilikwenda kwa ujasiri au kwa woga wa kubaki peke yangu na lile jiko.

Nilimkuta ametoka kuswali alasiri. Nikamwambia yote, na nilianza na habari ya gazeti ili nisipate pa kujificha. Alisikiliza huku akisugua kovu la kidole chake.

"Kwa hiyo ningekificha, kingekuwa changu."

"Ndiyo, Mzee."

"Ningekifichaje, Kabula? Walituambia tulete kazi za mikono yetu, wenzetu wajifunze. Mficha uchi hazai. Na wewe ukaandika vizuri."

"Niliandika vizuri mno."

Kisha nikasema lile lililokuwa likinila. Kwamba kuna nafasi ya La. Kwamba hakuna atakayejua.

Bi Mwajuma alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. "Andika," alisema. Hakupandisha sauti. "Andika hiyo La, mwanangu. Miaka yote hii anawafundisha vijana wenye vyeti, na jioni wanamwachia tambara apanguse mafuta. Mungu anaona."

"Mwajuma," alisema Mzee.

"Mimi nimeshasema."

Mzee akalichukua daftari lake, akalifungua polepole, akaweka kidole kwenye jina moja. "Huyu wa Ziba, mwenye ng'ombe. Nilimkuta na homa. Aliinuka kitandani akaweka dole, akasema kifaa chako nakikumbuka, vidole vinne. Nimwambie nini? Kwamba hakuona kitu?" Akafunua ukurasa mwingine. "Na huyu. Na huyu mama. Nimewaita mashahidi mwenyewe, nimekwenda mpaka milangoni mwao. Siwezi kuwageuza waongo kwa ajili ya fremu."

Bi Mwajuma alirudi uani. Nilisikia akipepeta mchele kwa nguvu, kisha hakupepeta tena.

Mzee akaniambia niandike Ndiyo, na daftari lote niliambatanishe, nisimpunguze hata mmoja. Akaweka sahihi kwa herufi zake, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu. Mimi nikaweka yangu chini. Nimelia hapo hapo mbele yake, mtu mzima mimi, na yeye ndiye aliyeniambia basi, basi, yamekwisha, maji yakimwagika hayazoleki.

Nilipokuwa nafunga begi akaniuliza, "Watajibu?"

"Watajibu, Mzee. Itakuja barua."

"Ya kukataa."

"Ya kukataa."

"Jina langu litakuwamo?"

Nikafikiri. Barua za namna hiyo huanza na jina la mwombaji, kisha jina la kifaa, kisha maelezo ya alichofanya, ndipo sababu. Nikamwambia litakuwamo, juu kabisa. Na itaandikwa kwamba mnamo Saba Saba, hapa Tabora, Shabani fulani alionyesha kifaa cha kutambua biti iliyovunjika kwenye mashine ya spindeli nne.

"Na muhuri?"

"Na muhuri."

Akaitazama fremu ya mninga, akainuka kuinyoosha kidogo, maana ilikuwa imelala upande. "Basi ije," alisema. "Nitaitundika hiyo."

Treni yangu ni kesho jioni. Barua ya kukataa ikitoka Ulaya, mimi ndiye nitakayeipiga chapa kwa Kiswahili, ndiyo kazi yangu. Sikumbuki niliwahi kumwuliza jina la baba yake. Asubuhi nitapita tena nimwulize, nimwulize na la babu mhunzi, niyaandike yote matatu bila kukosea herufi.