Sweta za Mwenda

Jumanne, 8 Julai
Kibirichia. Ukungu tangu asubuhi. Mkeka, njuga, kamera: utaratibu ule ule wa kila nyumba ninayopima watoto. Kisha Mwenda, miezi sita. Mamake, Kananu, alitafuna miraa muda wote wa ujauzito na hakunificha. Mtoto hakugeuka. Hakuinyooshea njuga mikono. Hiki ndicho nilichokitafuta: athari ya miraa kwa misuli ya mtoto, tena kwenye video.

Jumatano, 9 Julai
Nchiru, chuoni. Profesa wangu ameipenda video. Ijumaa nitaiwasilisha mbele ya wageni wa idara. Mimi, niliyehitimu juzi tu. Nimepiga pasi shati jeupe.

Alhamisi, 10 Julai
Nimerudi kumwomba Kananu idhini ya kuonyesha video. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni.

"Mwambie, daktari. Ni majani yake yameharibu mtoto, ama mimi namsingizia?"

Nikajibu kwamba inaelekea hivyo. Kananu hakuinua uso. Alitia sahihi.

Jioni nimeitazama video upya. Sweta mbili, suruali ya sufu, blanketi juu yake. Mikono imekakamaa kando kama ya sanamu. Mtoto hupimwa akiwa na nguo chache. Lakini Kibirichia, kwa baridi ya Julai, hakuna anayemvua mtoto, nami sikuomba. Nimepima sweta. Kwa kipimo hicho nimemhukumu mwanamke mbele ya mkwewe. Naona aibu.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeiondoa video. Profesa amekasirika, nafasi yangu amepewa mwenzangu. Imeniuma. Nimekwenda Kibirichia hata hivyo, nikaomba jiko liwashwe.

"Ukimvua ashikwe na nimonia, ni wewe utalala naye hospitali?" mama mkwe aliuliza.

Kananu akamvua mwenyewe.

Mwenda aliishika njuga. Akabingirika. Nilipiga kelele kama shabiki wa mpira. Sijawahi kusisimka hivi.

Mgongo bado legevu; kichwa hubaki nyuma anapoinuliwa. Iwapo chanzo ni miraa au la, mtoto mmoja hawezi kutuambia. Nimewaeleza hivyo wote wawili, nikalifuta neno langu la jana. Kuna kazi: nguo nyepesi, tumbo chini, mkekani, kila siku.

Jumanne, 29 Julai
Manyunyu. Nimekuta mlango wazi. Mama mkwe amelala kifudifudi mkekani, uso kwa uso na Mwenda, aliyejiinua kwa viganja. Kananu alikuwa nje akimenya viazi.

"Kananu, acha hizo, njoo uone kijana wetu."

Akaingia, akafuta mikono, akalala chini upande wa pili. Nimesubiri kibarazani.