Kiti Changu Nyuma ya Wavu

Jumapili, 4 Juni

Jana mashindano ya besiboli. Makocha wa vyuo walijipanga nyuma ya wavu wa kukinga watazamaji, karibu na kiti changu, kila mmoja na rada yake ya mkononi ya kupimia kasi ya mpira. Mwanangu Colby alipopanda kwenye kituta kurusha, zikainuliwa zote. Mpira wa tatu — zikashushwa mapajani. Mmoja akaanza kutafuna mbegu za alizeti. Niliumia, sitadanganya.

Maili themanini na tatu kwa saa. Kocha Stroud, wa kile chuo ambacho mwanangu anakitamani tangu yuko mdogo, alinifuata hadi kwenye gari. Mtu mpole. Alisema kijana anarusha vizuri, ila kwao wanaanzia themanini na nane. Jumamosi atapita shuleni kumtazama kwa mara ya mwisho, asipofikisha, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Colby hakula. Hata nyama ya moshi hakuigusa.

Jumanne, 6 Juni

Mume wangu Dale bado yuko Kansas na mashine za kuvuna ngano. Kwa hiyo ni mimi tena kwenye ndoo uani, namdakia Colby mipira, kama kawaida. Ndoo ya rangi, imepinduliwa, mto juu yake. Nimemdakia mwanangu tangu ana miaka minane. Enzi hizo kila akirusha anauliza, "Huo ulikuwa wa moto, Mama?" Namwambia umeniunguza. Anacheka, mapengo matupu. Jamani, ile miaka! Ningerudishiwa jioni moja tu.

Siku hizi haulizi. Anarusha, nadaka, basi. Oktoba mpira wake ulinivunja kidole gumba, lakini sasa nikidaka mkono hauumi hata kidogo. Nadhani nimezoea.

Alhamisi, 8 Juni

Alisahau chupa ya maji, nikampelekea shuleni. Kabla sijafika uwanjani nikasikia mlio — kama mlango umebamizwa na upepo. Nikasema huyo si Colby. Nikachungulia. Ni yeye, anamrushia Isaias, mdakaji wao, na mpira ndio unaolia hivyo kwenye glavu. Kocha wa shule akasoma rada: tisini!

Isaias akamuuliza, "We jamaa, kasi hii Jumamosi iliyopita uliificha wapi?"

"Mama anakaa palepale nyuma ya mdakaji. Nikimwona tu, mkono unapungua wenyewe. Tangu nimvunje kidole."

"Si kuna wavu, bwege wewe?"

"Mkono haujui kama kuna wavu."

Nikageuza na chupa yangu. Nimelia njia nzima. Kumbe majira yote ya baridi, pale kwenye ndoo, nimekuwa nikimfundisha mwanangu kurusha polepole. Na nilikuwa na furaha kweli.

Jumamosi, 10 Juni

Nimemwambia Colby leo nina zamu kazini. Uongo. Niko ndani ya gari nyuma ya kibanda cha vinywaji, uwanja siuoni. Stroud ameshafika. Hakuna mechi, ni Colby na Isaias tu, na rada.

Mlio. Ule wenyewe!

Mwingine.

Tangu aanze besiboli sijawahi kukosa kiti changu nyuma ya wavu. Natamani kukimbia nikaone. Lakini nikikaa hapa anapata chuo — na chuo kiko mbali, na ndoo itabaki uani bila mtu. Nakaa.

Mlio mwingine. Halafu kimya. Kimya kirefu mno.

Isaias anakuja mbio, kinga ya uso kaipandisha kichwani. Ameliona gari.

"Mama, kumbe uko hapa? Colby amegoma kurusha. Anasema wewe hukosi, lazima umepata ajali."

Nikamwambia amjibu niko kazini.

"Kocha wetu ameshapiga simu kazini kwako. Wamesema leo huna zamu. Sasa harushi mpaka akuone kwa macho yake."

"Na Stroud?"

"Rada bado kaishika. Ila anaangalia saa."

Nikishuka, ataniona na mkono utapungua. Nisiposhuka, harushi. Isaias nimemwambia asubiri kidogo. Amesimama ananishangaa, naandika kama mwendawazimu, mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango.