Zawadi ya Kufungua Kinywa

Smbat, pumzi yangu,

Ziwa Sevan limeganda mpaka gatini, na kila nikilitazama nakuona wewe. Wakumbuka majira ya kuchipua, ulipoinua trauti mwenye madoa mekundu ukasema ni mzuri kama mimi? Nilinuna siku nzima kwa kufananishwa na samaki. Kiangazi tulivua pamoja kila alfajiri, na vuli tukaoana huku nyavu zikiwa bado hazijakauka uani.

Sasa wewe uko Urusi unajenga nyumba za watu, nami mpaka jana nilitimiza mila: bibi harusi hasemi na baba mkwe mpaka apewe zawadi ya kumfungua kinywa, na baba yako alikuwa hajanipa. Mama yako hunicheka. "Vumilia, mwanangu. Mimi nilinyamaza mwaka mzima, nikapewa kuku."

Jana alikuja mtu wa mji wa Gavar kununua mashua yenu. Baba yako akamwambia, "Ichukue tu. Vijana wakienda Urusi hawarudi."

Nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa. Mpenzi wangu, mila yote ilinitoka kichwani.

"Baba, usiiuze. Smbat atarudi barafu ikiyeyuka."

Baba yako akanigeukia.

"Bibi harusi ameongea kabla ya zawadi," akasema. "Basi sina budi kumpa. Mashua ni yako, binti yangu. Huyo mume wako akichelewa, utavua mwenyewe."

Leo asubuhi amenifundisha kushona nyavu. Fanya haraka, kipenzi, kabla sijakuzidi.

Nahodha wako,
Nvard