Kitambaa Cheusi Ndani ya Kikapu cha Uji

Skola, rafiki yangu,

Naanza kwa kukugombeza, maana nikianza kwa kulia utanicheka. Uliniahidi uji. Siku ninapanda basi la kwenda Dar es Salaam kupasuliwa moyo, ulinishika mkono pale stendi ukasema, "Ukirudi, uji wa ulezi ni wangu. Wiki sita zote. Usinywe wa mtu mwingine." Mimi, mwanamke mzima, mwenye genge langu la nafaka sokoni Mazwi, nikaondoka nimeshikilia ahadi ya uji.

Walinipasua kifua, wakanibadilishia valvu moja. Hii mpya ni ya chuma, na inalia. Chumba kikiwa kimya naisikia: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuisikia, kwa sababu ndiwe uliyegundua ile mbovu. Niliposhindwa kunyanyua debe la maharage ulinitania kwamba moyo wangu una haraka kuliko bodaboda. Kisha utani ukakuishia, ukanipakia kwenye baiskeli yako hadi hospitali.

Wiki ya pili wodini simu zako zikakatika. Dada yangu Tekla, aliyekuwa ananiuguza, akasema simu yako imetumbukia majini. Tukarudi nyumbani Malangali, mto wa kulalia nimeukumbatia kukinga kidonda cha kifua safari nzima, na wewe hukuwepo stendi. Wakaniambia uko Mtowisa, kule bondeni, umefuata mpunga. "Anakusalimu sana." Hata fundi cherehani jirani, asiyejua kudanganya, aliniletea salamu zako huku anatazama viatu vyake.

Asubuhi ya kwanza uji ulikuja. Aliuleta mama yako, kwenye chupa yako ya chai yenye mfuniko uliopasuka. "Skola kaniagiza," alisema. Akakaa kwenye kigoda mpaka nikamaliza. Nilipokohoa akanishika mgongo, akanitembeza hatua kumi uani, kesho yake kumi na tano. Nilipotaka kupiga magoti kumsalimu alinizuia: "Acha, mwanangu, kifua kwanza." Kila siku nilimuuliza unarudi lini. Kila siku jibu likawa lile lile, mpunga haujakauka.

Mpunga gani unakauka mwezi mzima? Nikaanza kukuchukia, Skola. Nilidhani umeuona ugonjwa wangu ni mzigo ukakimbia. Nisamehe hilo.

Wiki ya tano tangu nirudi niliweza kusimama dirishani peke yangu. Upepo ule wa baridi wa Juni unaujua. Nikamwona mama yako anakuja, kichwani amefunga kitambaa cheusi. Alipofika kwenye ua wa minyaa akatua kikapu, akakivua kile kitambaa, akakikunja, akakisukuma chini ya chupa. Akajifunga khanga ya maua. Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, akasimama kidogo. Ndipo akabisha hodi, anatabasamu.

Sikuuliza amefariki nani. Mama yako hana mume, na alikuwa na mtoto mmoja tu.

Nilikunywa uji. Moyo ulikwenda mbio hata nikadhani ataisikia valvu kutoka pale kwenye kigoda. Niliogopa kidonda kisije kikafumuka. Niliogopa zaidi kwamba nikilia, ataamini ameniua. Wote walikuwa wameambiwa na daktari nisishtushwe. Akauliza, "Uji umekosa sukari?" Nikasema uko sawa.

Siku nne tulikaa hivyo, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa uongo. Nikiongeleshwa na Tekla namjibu kwa mkato, kwa hasira: nani aliwaruhusu wakuzike bila mimi? Kisha nikamtazama mama yako anavyoupuliza uji wangu upoe. Amekuzika, akaenda kusaga ulezi. Asubuhi, saa ambayo angelia, yuko kwangu anatabasamu.

Siku ya tano nilitoka mwenyewe. Nilimkuta kwenye minyaa, mikono iko kichwani, anafungua fundo la kitambaa. Nikapiga magoti kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe, nikapiga makofi taratibu kama tulivyolelewa, nikasema, "Shikamoo, mama. Usikivue."

Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akaweka sikio kifuani pangu, akalia kwa sauti. Nikalia naye. Kidonda hakikufumuka. Valvu iliendelea tu na kazi yake.

Baadaye Tekla akanieleza yote. Pikipiki iliyokuwa inakuteremsha Mtowisa ilishindwa kona. Kumbe kuhusu mpunga hawakunidanganya. Ulitaka nikirudi nikute wali mpya. Hilo, Skola, sijui nitalibeba vipi. Mama yako ananikataza kulisema, nami bado nalisema.

Daktari ameniruhusu kubeba vitu vyepesi. Chupa ya uji ni nyepesi. Kuanzia kesho asubuhi mimi ndiye nitakayekwenda kwenu, na nitakaa kwenye kigoda mpaka mama amalize. Si kwa wiki sita. Nakuahidi, ni kwa muda wote ambao chuma hiki kitalia.

Pumzika, rafiki yangu. Akiniuliza nani kaniagiza, nitamwambia ni wewe.

Wako,
Veronika