Mipira ya Rose Haitoi Povu

Jumatatu, 3 Machi
Rose, wewe ni mtu wa ajabu. Nimefua nguo tangu kabla mamako hajaolewa, leo unanitumia mipira miwili ya plastiki kutoka Bungoma ati ndiyo sabuni. Ndani vijiwe vinalia kachakacha. Nilimwambia hivyo kwa simu. Hakukasirika. "Mama, ngozi ya Nafula haitaki sabuni ya unga. Ikipasuka tena nitamchukua nikae naye huku."
Nafula ana miaka minne. Ni mtoto wa Rose na marehemu mwanangu Wafula. Akienda, hii nyumba ya Kitale ni kuta tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimefua vile mkaza mwana alisema. Maji vuguvugu, yasichemke, mipira itaharibika. Mipira kwa karai, nguo juu, zungusha, sugua. Ukimaliza, kung'uta mipira, anika juani. Povu hakuna.
Jirani yangu Mama Njeri akachungulia juu ya ua. "Mama Wafula, unafua ama unaosha viazi?"
Nikamwaga maji. Huku ukimwaga maji bila povu watu wanajua kwako sabuni imeisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nguo zilitoka safi. Nakubali. Mtoto hajajikuna siku mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Nguo za kanisa, pamoja na shuka na blanketi ya mtoto. Nimeweka mipira. Nimeweka na sabuni ya unga, viganja viwili. Povu likajaa karai. Nikamwaga karibu na ua wa Mama Njeri, polepole, aone vizuri.

Jumapili, 9 Machi
Nafula amejikuna ibada yote. "Kukhu," ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "inawasha." Nikamwambia ni joto. Anyamaze, watu wanaomba.

Jumanne, 11 Machi
Nyuma ya magoti imepasuka. Inatoa maji. Nimepaka mafuta. Jana alimwambia mamake kwa simu kwamba anawashwa. Mimi sikusema kitu.

Jumatano, 12 Machi
Rose amefika saa nne. Ameangalia magoti. Amenusa gauni la kanisa. "Mama, uliweka sabuni?"
Nikasema hapana. Nikimwangalia machoni.
Hakubishana. Akapanga nguo za mtoto kwa mfuko. Nikawapikia chai. Wakanywa, wakaenda. Sikulia. Nilikaa tu mpaka kuku wakaingia wenyewe.

Ijumaa, 14 Machi
Sijapika. Ugali wa mtu mmoja ni kazi bure.

Jumamosi, 15 Machi
Nimempigia Rose. Nimesema niliweka, viganja viwili, kwa sababu ya macho ya jirani. Akajibu: "Najua, Mama."
Magoti yanakauka. Kama atamrudisha hajasema. Mimi pia sikuuliza.
Shuka na blanketi ya mtoto ziko hapa, na zote zilipita kwa sabuni ile. Jumatatu, Mama Wafula, uzitoe zote. Suuza kwa maji matupu mara tatu, halafu ufue na mipira peke yake. Usiongeze kitu.